Joto la Kilwa halitoshi, mpaka hita?

Wiki hii kaeni kitako, maana nina kisa ambacho ukikianza utacheka, ila ukifika katikati kicheko kitakukauka mdomoni. Mimi mwenyewe kilinikauka.

Haya, swali la kwanza. Mtu wa Kilwa Masoko anataka hita ya gari ya nini? Wa Makete sawa. Wa Njombe na Lushoto sawa, wenzetu asubuhi wanatoa moshi mdomoni bila sigara. Lakini sisi huku hata saa nane ya usiku mtu amelala shuka kalitupa chini! Ukimwambia jirani kwamba gari lako lina hita mbovu, atakuuliza kama na koti lako la sufu nalo limechanika.

Basi bwana, mjomba wangu anayo Volkswagen, zile za zamani zenye mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Aliipata kwa pesa ya ufuta, mkono wa kumi huko, na nyumbani tunaiita Kobe. Msione mkweche mkadharau! Magari ya aina hiyo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Yaani hata kitinda mimba wao sasa kashapita miaka 20.

Sasa gari hili asili yake ni Ujerumani, kwenye baridi ya kufa mtu. Mjerumani alipokuja Kilwa Kivinje alituachia boma, na gari lake nalo likaja na hita. Pale katikati ya siti za mbele, pembeni ya handbreki, kuna vijiti viwili. Kimoja ndicho cha kufungulia joto. Kwenye Kobe wetu, ukikiinua, ukikishusha, ni yale yale: hewa ya moto inakupuliza miguuni mwaka mzima kama umekaa karibu na jiko la mandazi.

Mjomba akampelekea fundi wa mtaani. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. "Hita Kilwa? Mzee, achana nayo, wewe tembea na gari lako." Mjomba naye akafanya alichoona kinafaa: akakunja matambara, akayasokomeza kwenye matundu yanayotoa hewa ya moto. Maisha yakaendelea. Nani ana muda na kitu ambacho hakitumii?

Ikaja masika. Tukawa na harusi Lindi. Mjomba kwenye usukani, bibi siti ya mbele na kanga zake mpya, nyuma mimi na mtoto wa mjomba wa miaka saba. Tukatoka Masoko vizuri, tukafika Nangurukuru, tukakata kushoto kufuata barabara ya Lindi. Bibi anaongea kama redio, kila kijiji anamjua mtu.

Tulipopita Kiranjeranje mvua ikashuka. Si mvua, mitungi! Tukapandisha vioo vyote. Watu wanne ndani ya kigari kama kile, kioo cha mbele mara moja kikaingia ukungu, mjomba haoni njia. Anafuta na kiganja, unarudi. Ndipo akakumbuka. "Leo hita itafanya kazi yake!" Akainama, akachomoa matambara. Kweli, punde ukungu ukaanza kuondoka. Tukampigia makofi.

Wasomaji, yale makofi nayakumbuka mpaka leo.

Tunakaribia Mbwemkuru nikagundua kitu: bibi kanyamaza. Bibi yangu mimi hanyamazi hata akiwa na jino bovu. Mtoto akaanza kulia kichwa, mara akatapika kwenye suruali yangu ya harusi. Mimi mwenyewe kichwa kinanigonga kama ngoma, na usingizi mzito, mtamu, unanivuta. Nikamwona mjomba anapiga miayo, gari linaenda pembeni taratibu, analirudisha barabarani, linaenda tena. Nilitaka kumwambia kitu, mdomo ukawa mzito.

Bibi akapiga dashibodi kwa kiganja. "Simamisha! Nasema simamisha, mie nateremka!"

Tukateremka kwenye mvua vile vile, tumejifunika kanga. Tukakaa pembeni ya barabara kama nusu saa, tunalowa. Kidogo kidogo tukaanza kuwa watu, ingawa kichwa changu kiliuma mpaka jioni. Mjomba akasema ni ile mihogo ya asubuhi. Mimi nikasema malaria. Mvua ilipokatika tukaondoka vioo wazi, hakuna aliyeumwa zaidi. Lindi tukampeleka mtoto akapimwe. Malaria hakuna.

Siku ya kurudi bibi akagoma. Kakaa barazani, fimbo mkononi. "Humo siingii. Wote wanne kichwa saa moja, na wote nafuu tukishateremka. Malaria gani hiyo inayopanda na kushuka na gari? Mgonjwa si mimi, mgonjwa ni hilo dude."

Mimi na sekondari yangu nikaona aibu. Bibi hajakaa darasani hata siku moja, lakini amefanya hesabu ambayo sisi wasomi ilitushinda.

Mjomba akalipeleka gari kwa fundi mmoja mzee pale Lindi. Tukamwamkia, tukamsimulia. Hakufungua hata boneti. Aliuliza swali moja tu: "Vioo mlikuwa mmepandisha?" Tukasema ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Basi huyo bibi mkamshukuru."

Akatueleza, nami nawapa kama alivyonipa. Kobe hana rejeta wala maji. Injini inapozwa na upepo wa feni yake. Hita yake ni hivi: mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini yamevalishwa maboksi ya bati. Feni inasukuma hewa ndani ya maboksi, hewa inapita juu ya bomba la moto, inapata joto, halafu inapita kwenye mifereji ya chini ya milango mpaka miguuni kwenu na kwenye kioo. Sasa angalia hapo. Kati ya moshi wa injini na hewa mnayovuta nyie, kinachotenganisha ni unene wa lile bomba basi!

Na pwani yetu hii, chumvi ya bahari haina urafiki na chuma. Kutu ilikuwa imekula sehemu mbili. Kwanza ile kebo ya kijiti, ikaganda, mlango wa hita ukabaki wazi. Ndiyo maana ya kuungua miguu. Pili, kule ndani ya boksi, bomba lenyewe limetoboka. Alitupimia tukaona. Akalitoa gari nje kwenye uwanja, injini bado baridi, akaliwasha, akaziba midomo ya eksozi kwa tambara bichi, sekunde chache tu. Akasema sikilizeni. Chini ya boksi la kulia tukasikia "pssss", kama nyoka.

Tulichokuwa tunavuta ni kaboni monoksaidi, yule yule muuaji wa jiko la mkaa. Si mnasikia watu wa mikoa ya baridi wanaingiza jiko chumbani, wanafunga madirisha, asubuhi hawaamki? Ndiye huyo. Hana rangi, hana harufu. Anang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoshika, kwa hiyo unakosa pumzi huku unahema. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Sasa mtu wa Kilwa akipata hizo, atasema nini zaidi ya malaria? Kilwa tuna gesi ya Songo Songo inawasha taa nchi nzima, sisi tukaenda kuvuta ya eksozi!

Mjomba, mzee wa kubana matumizi, akauliza kama haiwezekani kupiga kiraka. Fundi akamtazama. "Kiraka juu ya kutu ni kiraka juu ya uji." Akang'oa maboksi yote mawili, akafunga mabomba matupu yasiyo na hita, ambayo watu wa nchi za joto huyatumia. Akaweka gasketi mpya. Kisha akaziba yale matundu mawili kwenye nyumba ya feni yaliyokuwa yanapeleka hewa kwenye maboksi, ili upepo wa kupoza injini usipotee njiani, na akaziba njia ya kuingia ndani ya gari. Pesa ya zawadi ya bwana harusi ikaishia hapo.

Wenye magari ya rejeta, Datsun, Corolla na jamaa zao, msinicheke. Hita yenu ni kirejeta kidogo chini ya dashibodi, kinapitisha maji ya moto ya injini. Ukiona kapeti limelowa upande wa abiria, kuna harufu tamu, na maji yanapungua bila kuona yanavujia wapi, hicho kimetoboka. Na valvu yake ikiganda wazi, utaokwa kama sisi. Ila kikiwa kizima kina faida: injini ikianza kuchemka mlimani, fungua hita yote na feni yake, joto litapungua kidogo mpaka upate pa kusimama. Utatoka jasho, lakini injini itapona.

Ushauri wangu kwa wenye Kobe: ukungu ukija, futa kwa kitambaa kikavu na uache kioo wazi vidole viwili, heri ulowe bega. Na kichwa kikianza kuwauma wote kwa pamoja, simama, shuka, ndipo uulize.

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa miguuni. Tulikipuuza kwa sababu hatukihitaji, na kwa sababu hatukihitaji hakuna aliyekichungulia miaka yote hiyo.

Bibi alirudi Kilwa na Kobe, siti ya mbele, kioo chake wazi mpaka chini. Mjomba akamwambia, "Mama, gari limepona." Bibi akajibu, "Gari limepona, mie bado sijapona na weye." Akaanza kuongea, hakunyamaza mpaka Masoko. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Alamsiki!