Jedwali Refu Si Tatizo, Tatizo ni Nakala

Kuna mjadala usioisha kati ya watu wanaohariri wiki za michezo ya video: jedwali la wahusika likirefuka, lifanyweje? Jibu la haraka huwa ni kuligawa kwa vizazi vya mchezo, kila kizazi na ukurasa wake. Mimi napinga, na Pokémon ni mfano mzuri wa sababu zangu.

Mchezo huo ulipotoka Japani mwaka 1996 ulikuwa na viumbe 151. Kufikia mapema 2024 walikuwa 1,025. Kila mmoja ana nambari sita za uwezo: uhai, shambulio, kinga, shambulio maalum, kinga maalum na kasi. Piga hesabu: nambari 6,150, na hapo hujagusa maumbo mengine ya viumbe hao hao. Kweli, jedwali ni refu.

Lakini msomaji amekuja kutafuta nini? Tuseme anataka kujua nani ana kasi zaidi. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia na wiki nyingi za michezo, humruhusu kubofya kichwa cha safu na jedwali likajipanga upya. Kivinjari hupanga jedwali moja moja tu. Ukigawa kwa vizazi, msomaji wa kizazi cha kwanza ataona Electrode akiongoza kwa 150, aende zake akiwa ameridhika. Regieleki mwenye kasi ya 200, aliyeingia mwaka 2020, yuko ukurasa mwingine kabisa. Hakuna aliyeandika uongo, lakini msomaji amepotea.

La pili ni nakala. Kinga ya Pikachu ilikuwa 30 hadi mwaka 2013 ilipopandishwa ikawa 40. Kama nambari hiyo imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa Pikachu, jedwali la kizazi na orodha ya viumbe wa umeme, mhariri lazima akumbuke kote. Hatakumbuka. Ni mtu wa kujitolea, anahariri usiku baada ya kazi. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse tatu?

Dawa ipo. Andika nambari mara moja tu, kwenye kiolezo kilicho katika ukurasa wa kiumbe mwenyewe. Kiendelezi cha MediaWiki kiitwacho Cargo huziweka data za violezo kwenye hifadhidata. Kisha unaagiza: nipe ishirini wenye kasi zaidi. Unapata jedwali fupi lililotokana na data yote. Kizazi kiwe safu ndani ya data, maana ile 30 ya Pikachu bado ni sahihi kwa michezo ya zamani.

Ila chunga ufunguo. Nambari ya kiumbe pekee haitoshi. Tangu 2016, Raichu wa Alola anatumia 26 ile ile ya Raichu wa kawaida, lakini shambulio lake ni 85, la mwenzake ni 90. Tumia nambari, umbo na kizazi kwa pamoja.

Wengine watasema ukurasa mrefu unamaliza bando ya mwenye simu. Ni kweli. Lakini kumfungulisha kurasa tisa za vizazi tisa ndipo apate jibu moja si kumwonea huruma. Kuchambua na kupanga ni kazi ya tarakilishi. Tusiwatwike wahariri na wasomaji.

Wewe waonaje?