Mtumishi wa Ndege si Boi wa Angani

Mwezi uliopita mzee mmoja, mwanachama wa tawi letu tangu ujana wake, alikuja ofisini na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na cheti chenye muhuri mwekundu na picha ya ndege. Cheti kilisema kwamba binti yake amehitimu mafunzo ya utumishi wa ndani ya ndege kwa wiki tatu. Mzee aliuza ng'ombe wawili, akaongeza na akiba ya mavuno, ili binti akipate. Bwana aliyewauzia mafunzo hayo aliahidi kwamba baada ya wiki tatu binti atakuwa Ghuba, mshahara mnono na nyumba ya bure. Sasa bwana huyo hapokei simu, na chumba alichokuwa amepanga mjini kimetiwa kufuli.

Nilimwuliza binti alifundishwa nini. Akasema: kutembea, kutabasamu, kupaka rangi usoni na kubeba sinia. Je, alipata kushika mtungi wa kuzimia moto? Hapana. Alipata kufungua mlango wa ndege? Hapana. Alipata kuingia majini akiwa amevaa boya? Akacheka kwa haya, maana hata kuogelea hajui.

Ndugu wasomaji, bwana yule ni mwizi, na jambo lake lipo polisi. Lakini wizi huu haungepata njia kama si kasumba iliyomo vichwani mwetu sisi wenyewe. Tunadhani kwamba msichana au mvulana anayepita katikati ya viti na chai ni boi, ila tu boi huyu yuko angani. Mkoloni alitufundisha kwamba mwenye kuleta chai ni mtu mdogo, naye hahitaji elimu, anahitaji unyenyekevu na nguo safi. Bendera ya mkoloni tuliishusha, lakini fikira zake zimekata tikiti zikapanda ndege pamoja nasi. Ndiyo maana mtu akituambia kwamba kazi hii hufundishwa kwa wiki tatu mbele ya kioo, tunaamini.

Tuangalie ilivyoanza. Tarehe 15 Mei 1930 huko Marekani, Ellen Church alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya kazi hii, katika safari ya kutoka San Francisco kwenda Chicago. Alikuwa nesi, tena alijua kurusha ndege. Urubani alinyimwa kwa kuwa ni mwanamke, akapewa kazi ya kutunza abiria, naye na wenzake saba wote walikuwa manesi. Baadaye ndipo wenye makampuni walipoona kwamba sura ya msichana inauza tikiti. Katika miaka ya 1950 yalikuwapo mashirika ya Marekani yaliyowaondoa kazini wasichana wakiolewa, au wakitimiza miaka 32. Ubepari ulichukua kazi ya nesi ukaifanya pambo, na sisi tukaiga pambo tukaiacha kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwanafunzi wa kweli hukaa darasani na kwenye mazoezi wiki nyingi. Huingizwa katika chumba kilichojaa moshi, avae kofia ya kuzuia moshi, atafute moto ulipo na kuuzima. Hujifunza kufungua mlango mzito na kuhakikisha kwamba mtelemko wa mpira umejaa upepo kabla mtu hajaruka. Hutupwa majini na boya, awavute wenzake mpaka kwenye chelezo. Hujifunza kumshindilia kifua mtu ambaye moyo umesimama, kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu angani, kuzima betri ya simu iliyoshika moto mfukoni mwa abiria. Halafu kila aina ya ndege ina milango yake na vifaa vyake, kwa hiyo aliyefuzu katika ndege hii hufundishwa upya akihamia katika ile. Kila mwaka hurudishwa darasani na kupimwa tena. Akishindwa, haruki.

Na ndege haiwezi kuondoka bila wao. Kanuni inayofuatwa na mataifa mengi ni mtumishi mmoja kwa kila viti 50. Ndege zetu za Q400 zina viti 76, basi wawe wawili. Ile Boeing 787 iliyotufikia Julai 2018 ina viti 262, basi wasipungue sita. Hakuna kanuni inayohesabu watu kwa ajili ya chai! Wamehesabiwa kwa ajili ya milango. Ndege kubwa haipewi ruhusa ya kuuzwa mpaka itengenezwe kiasi kwamba watu wote waweze kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa.

Anayebisha na akumbuke Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya Wajapani yenye abiria 367 na wafanyakazi 12 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika kiwanja cha Haneda, ikawaka moto. Katika ile ndege ndogo walikufa watu watano kati ya sita. Katika ile kubwa, simu ya ndani ilikufa, na milango mitano kati ya minane haikufaa kufunguliwa. Watumishi tisa wa ndani wakatumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao, wakawazuia watu wasichukue mizigo, wakawatoa kwa milango mitatu. Abiria wote 367 wakatoka hai. Ndege ikateketea ikabaki majivu.

Na sisi tuna kilio chetu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria, ukiona kiwanja cha Bukoba. Watu 19 walikufa na 24 wakapona, na waliofika kwanza kuwaokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Nchi ambayo ndege zake hutua kando ya ziwa na huvuka bahari kila siku kwenda Unguja haiwezi kuchukulia zoezi la majini kama mchezo.

Lipo jambo la lugha pia, nalo linaniuma. Niliwahi kusafiri ndani ya nchi hii, mtumishi akasoma maelezo ya usalama kwa Kiingereza polepole, kisha kwa Kiswahili mbio kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Mama mmoja mzee jirani yangu, ndiyo safari yake ya kwanza, akaniuliza, "Mwanangu, anasema nini?" Nikaona aibu, maana hata mimi mwalimu sikuwa nimeshika kitu. Moshi ukijaa mle, mama yule ataokolewa na amri gani? "Fungua mkanda! Acha mzigo! Njoo huku! Ruka!" Maneno haya yafundishwe kwa Kiswahili, yapigiwe kelele kwa Kiswahili katika mazoezi, mpaka yatoke kinywani yenyewe.

Shirika letu la ndege lilizaliwa mwaka 1977, baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika. Lilidhoofika karibu lizikwe, likainuliwa tangu 2016 kwa ndege zilizonunuliwa kwa fedha ya umma. Basi mkulima aliyekwisha kulipia ndege asilipishwe tena ili mwanawe afundishwe kuzitumikia. Shirika lichague vijana kwa mtihani ulio wazi, hata wa Kibondo na Newala, liwafundishe kwa gharama yake, nao waape kulitumikia miaka kadhaa. Najua wakubwa watasema hakuna fungu. Fungu la ndege lilipatikana.

Kwa wazazi nasema hivi. Chuo chochote kikitaja kazi ya ndege, ulizeni kwanza kama Mamlaka ya Usafiri wa Anga inakitambua, na msitoe hata senti kabla ya jibu. Na anayesema atampeleka mtoto wenu Ghuba kwa malipo, mfukuzeni. Emirates ya Dubai, kwa mfano, hutaka mwombaji awe na miaka 21 na aweze kufikia sentimita 212 akisimama kwa ncha za vidole, ili avifikie vifaa vya hatari vilivyowekwa juu ya viti. Anayechaguliwa hufundishwa huko huko, na shirika ndilo hulipa.

Katika wilaya yetu tumekwisha pata familia nne zilizotoa fedha kwa bwana yule. Kama wapo wengine, walete stakabadhi zao ofisini kwa Katibu wa tawi kabla ya Jumamosi, maana Jumatatu tunazipeleka polisi zote pamoja. Asiye na stakabadhi aje na shahidi.