Baiskeli ya Busia na Hesabu Zake
Wiki hii mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, baiskeli yenye magunia mawili ya mahindi iliyumba kushoto. Mwendeshaji akaupinda usukani kushoto kidogo, ikasimama wima. Mwandishi wa safu hii alisita kuvuka ili amtazame. Mwaka 1899 Mwingereza Francis Whipple aliandika milinganyo ya mwendo wa baiskeli, na mwaka 2011 watafiti walithibitisha kuwa baiskeli yaweza kujisimamia hata bila nguvu ya mzunguko wa magurudumu. Penye mzigo ndipo penye hesabu. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007 kando ya barabara ya Jinja–Tororo, hufundisha uhandisi si mbali na hapo. Kumfungia mwanafunzi wa uzamili ubaoni, dainamiki ikipita mlangoni, ni kumdhulumu. Na ampime mwendeshaji huyu, gunia kwa gunia.