UKURASA WA FUNDI: GURUDUMU LA SUMAKU TUMELIPIMA



Kikundi kimoja cha akina mama kimetuandikia barua. Wanataka mashine ya kusaga. Wameweka akiba kwa misimu miwili ya pamba. Sasa amewajia mtu mwenye gurudumu dogo la sumaku. Anasema linazunguka siku zote bila dizeli, bila umeme na bila jua. Anataka alipwe kwanza, kisha awaundie kubwa la kuendesha kinu. Akina mama wanauliza: "Tumpe fedha?"

Hatukutaka kujibu kwa maneno matupu. Tuliunda gurudumu kama hilo, tukalipima.

VIFAA

Tulikata plaiwudi ya duara, upana sentimita 60. Hatukutumia rimu ya baiskeli, kwa sababu chuma huvutwa na sumaku. Katikati tulifunga habu ya baiskeli. Tuliisafisha golori zake na kuipaka grisi.

Kwa fundi wa redio tulipata spika 7 zilizokufa. Tulizitoa sumaku zake. Sumaku 6 tulizigandisha kwa gundi ubavuni mwa gurudumu, karibu na ukingo, kwa nafasi sawa. Sumaku ya 7 tuliifunga kwenye nguzo ya mti, ikitazamana nazo. Tuliziweka ili zisukumane. Tulihakikisha gurudumu halina upande mzito.

JARIBIO

Kwanza tulilisukuma kwa mkono. Lilizunguka vizuri, na watoto walishangilia. Kisha lilipunguza mwendo. Mwishoni liliyumba mbele na nyuma, likasimama. Tulirudia mara nyingi. Kila mara sumaku ya nguzo ilikuwa katikati ya sumaku mbili za gurudumu. Tulizilaza sumaku upande, kama watu wengine wanavyoshauri. Bado lilisimama.

Lakini mkono haupimi sawa. Leo unasukuma kwa nguvu, kesho kidogo. Kwa hiyo tulizungusha kamba ukingoni, na mwisho wake tukafunga jiwe la kilo 1. Jiwe lilianguka mita 1, kamba ikachomoka, gurudumu likaenda. Kila mara tulianzia kwenye alama ile ile ya chaki.

Sumaku ya nguzo ikiwa imeondolewa, gurudumu lilizunguka mara 64. Tulipoirudisha, lilizunguka mara 51. Tulirudia, na kila mara sumaku ilipunguza mizunguko. Haikuongeza hata mmoja.

KWA NINI?

Fikiria baiskeli na kilima. Ukiteremka, unakwenda bila kukanyaga pedeli. Lakini kabla ya kuteremka ulipanda. Sumaku ni kama kilima. Sumaku ya gurudumu ikisha pita nguzo, inasukumwa mbele. Hapo ndipo mtu husema, "Tazama, nguvu ya bure!" Lakini ilipokuwa inaikaribia nguzo, ilisukumwa nyuma. Inachopewa wakati wa kutoka ilikwisha kulipa wakati wa kuingia.

Wakati huo huo msuguano wa golori na upepo hula nguvu kila mzunguko. Mwisho gurudumu halina nguvu ya kupanda kilima kinachofuata. Linanaswa bondeni, kati ya sumaku mbili.

Labda utasema: "Mbona dinamo ya baiskeli ina sumaku na inawasha taa?" Ni kweli. Lakini ukiiegemeza dinamo kwenye tairi, miguu yako huhisi uzito. Taa inawaka kwa ugali uliokula. Sumaku inageuza nguvu ya miguu kuwa umeme. Haizai nguvu yake yenyewe.

Wazo hili si geni. Mwaka 1269 Petrus Peregrinus wa Ufaransa aliandika habari za gurudumu la sumaku la kuzunguka bila kukoma. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena mashine za namna hiyo. Watu wameendelea kujaribu hadi leo. Hakuna aliyefaulu.

JIBU LETU KWA AKINA MAMA

Msitoe fedha. Mwambieni mwenye gurudumu mambo matatu:

1. Alifungue lote mbele yenu, hata kitako chake. Betri ndogo na mota vinaweza kufichwa ndani ya ubao.

2. Aliache kwenu kwa mwezi mzima, likiwa limefunguliwa.

3. Lifanye kazi. Kuzunguka tupu si kazi. Lisage debe moja la mahindi, nanyi mkiona.

Akikataa, mmepata jibu. Mashine ya dizeli hula mafuta. Mashine ya umeme hulipiwa. Kinu cha maji hutaka mto. Kila moja ina gharama, lakini unga mtauona. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Na wewe uliyewahi kuunda gurudumu kama hili, usione haya. Kulijaribu ni elimu. Kosa ni kuliuza kabla ya kulipima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tulitumia jiwe badala ya mkono?

2. Kwa nini hatukuziondoa sumaku za gurudumu tulipolinganisha?

3. Mashine ya kusaga iliyo karibu nanyi inapata nguvu kutoka wapi?