Jenereta ya JKIA itufunze kuhusu seva

Usiku wa Agosti 25, 2023 stima ilipotea sehemu kubwa ya Kenya. Pale JKIA abiria walikaa gizani kwa sababu jenereta moja ya dharura ilikataa kuwaka.

Sasa wazia giza hilo lipate seva zinazobeba pesa za simu. Huku Ruiri mama mboga halipwi, boda hanunui mafuta.

Dawa ipo: data ikae vituo vitatu, miji tofauti. Kimoja kikizima, viwili vinakubaliana na kazi inaendelea. Vikiwa viwili tu na laini ikatike kati yao, hakuna kura ya kuamua.

Lakini akiba isiyojaribiwa ni jenereta ile ile. Kampuni na serikali zizime kituo kimoja makusudi, mara kwa mara, kisha zituambie wazi kilichotokea. Pesa ni zetu.