Tusiisingizie Bahari

Mvuvi wa Kunduchi hakuhitaji kusomea elimu ya anga ndipo ajue kwamba bahari na upepo ni ndugu wa tumbo moja. Kaskazi ikivuma hupanga safari zake kwa namna moja. Kusi ikishika hupanga kwa namna nyingine. Kaskazi inapompisha kusi ndipo yanapokuja masika, na kusi inapokoma ndipo vuli inapoingia. Juu ya mpango huo wazee wetu walijenga biashara, kilimo na maisha ya Pwani nzima.

Ni vema kila mwananchi aelewe msingi wa jambo hili. Bahari imefunika takribani asilimia 71 ya uso wa dunia. Maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Ndiyo sababu usiku wa Pwani hauna baridi kali kama usiku wa bara. Jua huyapasha maji, maji hugeuka mvuke, mvuke hupanda na kupoa ukawa mawingu, na pepo huyasukuma mawingu hayo hadi bara. Kwa hiyo mkulima wa Manyara, ambaye huenda hajapata kuiona Bahari ya Hindi, anaitegemea.

Joto la bahari likibadilika, mvua nazo hubadilika. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwamba katika miaka fulani maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi huwa ya moto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia hupoa. Hapo vuli hugeuka gharika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mwaka 2019 na mwaka 2023. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia.

Haya yanatokea wakati dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ambao kwa miaka mingi umetoka zaidi katika nchi tajiri zenye viwanda. Bahari imemeza takribani asilimia 90 ya joto hilo la ziada. Maji yakipata moto hutanuka, barafu ya nchi kavu huyeyuka, na bahari hupanda. Aliyechafua ni mwingine, anayelipa ni mwingine. Hiyo ni dhuluma, na hatuna budi kuendelea kudai haki yetu.

Lakini tusiisingizie bahari kwa makosa yetu wenyewe. Ufukwe wa Kunduchi ulianza kuliwa tangu miaka ya 1970. Ufukwe hulishwa na mito: mito kama Tegeta na Mbezi huteremsha mchanga, na mawimbi huusambaza. Kwa miaka mingi mchanga huo umechimbwa mitoni na kupakiwa katika malori ukajenge jiji. Wakati huohuo baruti imevunja matumbawe yanayopunguza nguvu ya mawimbi, na mikoko imekatwa. Ufukwe usioletewa mchanga, bamvua ikija, hauna cha kutoa ila ardhi yenyewe, pamoja na nyumba zilizo juu yake.

Mfano tunao. Kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walikitegemea kwa kutaga. Miti ilikatwa, mawimbi yakafanya kazi yake, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Basi nani afikishwe mbele ya sheria hiyo? Kijana mwenye sepetu anatafuta mkate wa siku moja. Faida kubwa inakwenda kwa mwenye lori na kwa mwenye jumba lililosimama juu ya mchanga huo. Kumkamata wa kwanza na kumpigia saluti wa pili si kutekeleza sheria, ni kuidhihaki.

Tunasema hivi: mchanga uchimbwe mahali palipopimwa tu, na vijana wa mitoni watafutiwe kazi nyingine kabla ya kufukuzwa. Viongozi wa mitaa na mabalozi wa nyumba kumi waongoze upandaji wa mikoko, na waitunze baada ya wapiga picha kuondoka. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zimfikie mvuvi kabla hajang'oa nanga.

Wapo watakaosema hayo ni majaaliwa. Sisi tulifundishwa chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Ngamia wa Kunduchi bado hajafungwa.