Bustani ya Nyumbani: Usiing'oe Mgagani



Mwezi huu nataka tuseme habari za mmea ambao wengi wetu twaupita kila siku mlangoni pasipo kuuangalia. Walakini nianze mbali kidogo. Mle Yerusalemu, katika nyufa za Ukuta wa Magharibi, huota kichaka chenye miiba na maua meupe, jina lake kepa. Hakihitaji bustani wala mtu wa kukitia maji; mizizi yake hujipenyeza kati ya mawe. Katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 12, mstari wa 5, wataalamu wengi husema kwamba neno la Kiebrania lililo pale ni tunda la kichaka hicho. Watu wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania huchuma tumba za maua yake kabla hazijafunguka, wakazitia katika chumvi au siki, wakazila pamoja na samaki na nyama. Kisiwa cha Pantelleria, katika Italia, kina sifa kubwa kwa zao hilo.

Mtauliza, "Katekista, kepa yatuhusu nini sisi wa Shinyanga?" Yatuhusu kwa sababu jamaa yake yumo uani mwenu, naye ni mgagani. Zamani wataalamu wa mimea waliuhesabu mgagani katika nyumba ya kepa. Siku hizi wameupa nyumba yake wenyewe, kati ya nyumba ya kepa na nyumba ya kabichi. Nyumba hizo tatu ni za ukoo mmoja. Dalili ya udugu wao ni ule ukali upandao puani. Tafuna jani bichi la mgagani, au tumba ya kepa, au haradali iliyo ndugu ya kabichi, nawe utausikia, maana wote wana kemikali za namna moja zenye salfa ndani yake.

Hapa yanipasa niungame. Nilipotoka shuleni nilijua kwamba bustani ni mistari iliyonyoka, na katika mistari hiyo ni kabichi, nyanya na karoti. Kingine chote ni magugu. Basi wakati wa mvua za mwanzo wa 2005, nikiwa nimeoa karibuni, nilitwaa jembe nikaing'oa migagani yote iliyoota kando ya zizi la ng'ombe, mahali ambapo mama yangu alikuwa akichuma mboga. Nikapanda kabichi zangu. Mama hakuniambia neno. Nilimwona tu akiokota migagani niliyoitupa jalalani, akiyachambua majani na kuyaanika. Nikamcheka moyoni, nikidhani ni mambo ya kale.

Mwisho wa mwaka ule mvua zilichelewa, ukaja ukame ulioshika sehemu nyingi za nchi yetu hata 2006. Maji ya kisima chetu yakashuka, na yaliyobaki yakawa ya kunywa watu na mifugo. Kabichi zikafa mstari kwa mstari. Jioni moja mke wangu akapakua ugali, na mboga yake ilikuwa nsansa iliyoungwa kwa karanga. Nikala nikashiba, nikauliza imetoka wapi. Mama akajibu, "Mwanangu, ni ile uliyoitupa." Hakusema kwa kunikemea, bali alisogeza bakuli akaniongezea. Usiku ule nilimwomba radhi, na mvua zilipokuja nikamwomba anifundishe. Niliyoyapata kwake, pamoja na yale yanayothibitishwa na mabwana shamba, ndiyo haya.

Kwanza mbegu. Mbegu zilizotoka kuchumwa hulala, hazioti vema. Ziache makopa ya mmea yakauke, uzipure, kisha uziweke mahali pakavu miezi mitatu hata sita. Mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba, panda hapo. Udongo wa zizi la kale, au uliotiwa samadi iliyooza, ndio uupendao. Fanya mistari, kila mmoja mbali na mwenziwe futi moja, ukazifukie mbegu kidogo sana, nusu inchi hivi, maana ni ndogo, nazo zikifukiwa sana hazitoki. Katika siku nne hata nane utaona miche. Ipunguze, ukiacha inchi tano au sita kati ya mche na mche; hiyo uliyoing'oa ni mboga ya kwanza.

Pili kuchuma. Baada ya wiki nne hata sita anza kukata vichwa, ndipo matawi ya pembeni yatokeapo. Tumba za maua uziondoe mapema, kwa kuwa mgagani ukiisha kuzaa huacha kutoa majani mazuri. Lakini miche michache iliyo bora kuliko yote usiiguse. Hiyo ni ya mbegu za mwakani. Vidukari wakiingia, ondoa majani waliyoyashika.

Tatu kupika. Uchungu wake hupungua ukichanganywa na maziwa au karanga. Wengine huchemsha na kumwaga maji mara mbili tatu. Hao humwaga pia vitamini C. Maji yawe machache, na moto usikawie. Majani haya yana vitamini A ya kulinda macho, tena yana madini ya chuma na ya chokaa, ambayo yawafaa sana wajawazito na watoto.

Nne akiba. Yachemshe majani kidogo, uyakamue, uyaanike juu ya ungo kivulini penye upepo. Jua kali hula vitamini A. Yakikauka kabisa yaweke katika chombo kikavu chenye kifuniko. Yusufu mwana wa Yakobo aliweka akiba ya nafaka Misri katika miaka ya shibe. Nasi tunaweza kuweka akiba ya mboga Februari kwa ajili ya Septemba.

Wenzetu wa Geita nawaonya kwa upendo. Msipande mboga karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, wala msitie udongo wa marudio bustanini. Zebaki itumikayo huko ni sumu, wala haionekani kwa macho katika jani. Afadhali bustani ndogo katika udongo safi.

Huenda mtu akasema kwamba mgagani ni mboga ya maskini. Wajaluo huuita dek, Wakisii huuita chinsaga, Waganda huuita jjobyo, na katika masoko ya Nairobi watu hununua kwa fedha kile sisi tunachokipalilia na kukitupa. Hata katika joto letu haudhoofiki upesi, kwa kuwa hutumia nguvu ya jua kwa namna ya mahindi na mtama, na kwa maji machache kuliko mboga nyingi. Sikatazi kabichi, mwenye maji na apande. Nakataza kuing'oa ile iliyo tayari kuwalisha watoto wakati wa kiangazi.

Walimu wenye bustani za shule, tengeni tuta moja la mgagani, nanyi waiteni bibi za watoto waje wawafundishe kukausha. Maarifa hayo wanayo wao, nao hawatakaa nasi siku zote.

Mama yangu angali hai, ni mzee sasa. Kila mwaka, kabla sijashika jembe, humwuliza kwanza nisiguse nini.

Ndugu yenu katika Kristo,
Katekista wenu.